Ramani za mtandaoni: yanayoaminiwa huku Kusini mwa Tanzania na ukweli ulivyo

"Lazima uwe mtaalamu wa programu." Wala. Tovuti ya uMap inakuchorea ramani ya kubofya juu ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, bila wewe kuandika msimbo wowote, na Leaflet, maktaba ya msimbo wa ramani iliyotolewa 2011, ni ya bure kwa anayetaka kwenda mbali zaidi. Kazi yenyewe iko kwenye jedwali la data.

"Namba za eneo ukishaziingiza zinajipanga zenyewe." Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mji wa Mtwara uko karibu na latitudo -10.27 na longitudo 40.18. Sahau alama ya kutoa, soko lako litaibukia Ethiopia. Zibadilishane nafasi, litaelea Atlantiki, magharibi ya Ureno. Na si uzembe tu: faili la GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, hutanguliza longitudo, ilhali Leaflet yenyewe hutaka latitudo kwanza. Afadhali kosa hilo, maana linaonekana. Linalojificha ni la ramani za zamani za topografia za Tanzania, zilizotumia mfumo wa Arc 1960, yaani msingi mwingine wa kupimia latitudo na longitudo. Ukizichukulia kuwa ni WGS 84, ambao ndio wa GPS, kila kitu kinasogea kama mita 300. Kwa Mikindani, umbali huo unatosha kukitosa kisima baharini.

"Jina la wilaya linatosha kuunganisha majedwali." Jedwali moja limeandika Mtwara Vijijini, jingine Mtwara DC (yaani halmashauri ya wilaya), sisi tunajua ni kulekule, kompyuta haijui. Halmashauri ya Wilaya ya Lindi nayo siku hizi ni Mtama. Tumia namba za utambulisho pale zilipo.

"Idadi ya watu ipake rangi tu, itaeleweka." Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama milioni 1.63 Mtwara na milioni 1.19 Lindi. Kwa idadi tupu, mikoa hii inakaribiana rangi. Gawanya kwa kilomita za mraba uone: Mtwara inakaribia watu 100, Lindi haifiki 20. Tena hata hiyo ya Lindi ni wastani wa kuzugia, kwa sababu Liwale peke yake imechukua zaidi ya nusu ya mkoa, na sehemu kubwa yake ni pori la hifadhi.

"Data ya umma haina mwenyewe." Inayo leseni. OpenStreetMap inataka itajwe kwenye ramani, basi itaje. Na orodha ya malipo ya korosho, hata ikibandikwa ukutani AMCOS, yaani kwenye chama cha ushirika cha wakulima, na kijiji kizima kikaisoma, haigeuki kuwa data ya kuchorea ramani: majina na fedha za watu vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

"Simu zetu hazifungui ramani." Zinafungua. Kinachozilemea ni faili la mipaka lenye desimali 15 kwa kila nukta, wakati desimali 5 tayari zinafika usahihi wa mita moja hivi. Lipitishe kwanza Mapshaper, zana ya kurahisisha mipaka, lipungue uzito, na mtu wa Kitangari ataifungua ramani yako bila kumaliza bando.