Ute wa utumbo si uchafu: seli za gobleti na kazi yake

Matangazo ya dawa za kusafisha utumbo yamezoea kuutaja ute kana kwamba ni taka iliyoganda tumboni kwa miaka mingi, na kauli hiyo imeenea kiasi kwamba hata watu wenye elimu nzuri husema wanataka "kutoa ute" ili tumbo lipumue. Ute haukuingia utumboni kwa bahati mbaya. Unatengenezwa humo humo, kila siku, na seli maalumu ambazo hazina kazi nyingine kubwa kuliko hiyo.

Seli hizo huitwa seli za gobleti. Zimo katika ukuta wa ndani wa utumbo, zimechanganyika na seli zinazofyonza chakula. Ni chache mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na huongezeka kadiri njia inavyoshuka kuelekea utumbo mpana. Jina limetokana na umbo lake, kwani sehemu ya juu imefura kwa vifuko vya ute na ya chini imekonda, mfano wa bilauri yenye shina. Huishi siku chache tu, kisha hupukutika na nyingine zikashika nafasi. Kinachotolewa na vifuko hivyo ni protini iitwayo musini, hasa ile inayojulikana kama MUC2, ambayo imezungukwa na minyororo mingi ya sukari. Ndani ya seli protini hii imekunjwa na kubanwa. Ikishatoka nje hunywa maji, hutanuka mara mamia, na kuwa wavu unaoteleza.

Jambo ambalo wauzaji wa dawa hizo hawalisemi ni kwamba ute wa utumbo mpana una tabaka mbili zenye kazi tofauti. La nje ni legevu, na bakteria wanaishi ndani yake. La ndani ni zito, limeshikamana na ukuta, na karibu halina bakteria kabisa, ingawa hatua fupi kutoka hapo wamo matrilioni. Hilo lilionyeshwa waziwazi mwaka 2008 na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, wakiwemo Malin Johansson na Gunnar Hansson. Si ajabu kwamba lilichelewa kuonekana, kwa sababu dawa za kawaida za kuhifadhia vipande vya nyama ya mwili vinavyochunguzwa maabara zina maji, nazo huufanya ute usinyae na kupotea. Tena, katika rangi zinazotumika kila siku kwenye hadubini, seli ya gobleti huonekana kama tundu jeupe, na mtazamaji asiyejua huweza kudhani ni nafasi tupu. Kwa miaka mingi, basi, kinga hii ilikuwa ikioshwa kabla ya kuangaliwa.

Thamani yake hudhihirika inapokosekana. Panya wa maabara waliozaliwa bila MUC2 huvimba utumbo mpana wenyewe, bila kuambukizwa ugonjwa wowote wa nje, na baadaye hupata uvimbe wa saratani. Kwa binadamu, kipande kilichokatwa kwenye utumbo wa mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe wa muda mrefu wenye vidonda kwenye utumbo mpana, mara nyingi huonyesha seli za gobleti zimepungua na ute umekuwa mwembamba, bakteria wakafika karibu na ukuta pasipotakiwa. Amiba anayesababisha kuhara damu, ugonjwa tunaoufahamu vizuri Afrika Mashariki, hujishikiza kwanza kwenye sukari za musini, kisha hutoa vimeng'enya vya kuikata MUC2 ili apite. Kinyume chake, utumbo unapovamiwa na minyoo mjeledi, mwili huongeza seli za gobleti kwa makusudi, na katika panya imeonekana kwamba huanza hata kutoa musini ya aina nyingine, MUC5AC, ambayo husaidia kuwafukuza minyoo hao.

Zipo pia picha zinazosambazwa za kamba ndefu nyeusi zilizotoka chooni baada ya "kusafishwa". Nyingi ya dawa hizo zina maganda ya mbegu yanayovimba majini, au udongo wa mfinyanzi, na vitu hivyo vikikutana na maji ya utumbo hufanya donge lenye umbo la utumbo wenyewe. Mnunuzi anaonyeshwa dawa aliyoimeza, akiambiwa ni uchafu wake wa miaka kumi. Madaktari wanaopitisha kamera utumboni hawakuti kamba hizo kwa watu ambao hawajanywa dawa hizo.

Ni kweli kwamba mtu anaweza kuona makamasi kwenye choo, na yakiwa mengi, yakiendelea, au yakiandamana na damu, maumivu au kupungua uzito, hilo ni jambo la kupeleka hospitali na kupimwa choo. Lakini hapo ute ni dalili ya ukuta uliochokozwa, ambao seli zake zinajitahidi kuufunika. Kinachotafutwa na kutibiwa ni kile kilichouchokoza, awe amiba, bakteria au uvimbe wa muda mrefu. Badala ya kusema "nina ute tumboni", ni sahihi zaidi kusema "utumbo wangu unatoa ute kuliko kawaida", na kumweleza daktari umeanza lini.