Ushoroba si barabara kuu peke yake
Ni rahisi kwa mkazi wa jimbo la Virginia, Marekani, kuamini kwamba ushoroba, yaani ukanda mkuu wa usafiri, ukitajwa kuwa muhimu, barabara kuu yake lazima itapanuliwa. Sivyo.

Mpango wa usafiri wa jimbo hilo, VTrans, hupanga mahitaji ya usafiri kwa makundi. La kwanza ni shoroba, na mpango huutazama kila ushoroba kwa upana. Ule wa barabara kuu ya I-95, kati ya Washington na Carolina Kaskazini, unajumuisha pia reli inayokwenda sambamba na barabara. Kundi la pili ni mitandao ya kimkoa, yaani safari za kila siku za kazini na sokoni.

La tatu husahaulika mno, nami naona ndilo lenye haki zaidi: maeneo ya ukuaji wa miji, ambayo serikali za mitaa zenyewe huyatenga. Kwa njia hiyo hata mji mdogo ulio mbali na barabara kuu unaweza kuombea fedha njia za waenda kwa miguu.

Kuorodheshwa hakuleti fedha. Kwa sheria ya 2014, mradi unaokidhi hitaji la mpango hupewa alama za usalama, foleni, uchumi na mazingira, kisha alama hizo hulinganishwa na fedha zinazoombwa.