Sauti Kupwelea Baada ya Kuimba Noti za Juu: Maswali na Majibu

Ninaimba nyimbo za mapenzi za taratibu kwenye harusi hapa Tabora. Kiitikio cha mwisho kinapopandishwa juu, sauti yangu hukatika, na kesho yake huamka imepwelea. Kwa nini?

Mwanamume anapozungumza kwa kawaida, nyuzi zake za sauti hugongana takriban mara 120 kwa sekunde. Akiimba noti ya juu, ile "la" (A) iliyo juu ya "do" (C) ya katikati ya kinanda, hugongana mara 440. Ili zifike huko, misuli ya zoloto, sehemu ya koo inayobeba nyuzi hizo, huzivuta zikawa ndefu na nyembamba, kama uzi wa gitaa unavyokazwa. Waimbaji wengi, badala ya kuiachia misuli hiyo kazi yake, hukaza shingo na kusukuma hewa kwa nguvu, nyuzi zikiwa bado nene kama katika sauti ya kifua, ile nzito ya chini, hivyo zikagongana kwa kishindo hadi zikavimba.

Wenzangu hunipa asali kabla ya kupanda jukwaani. Inasaidia?

Asali yetu ya Tabora hutuliza koo na kikohozi, nami siikatazi, lakini haizigusi nyuzi za sauti, kwa sababu tunapomeza, njia ya hewa huzibwa. Kama ingezifikia, ungepaliwa. Hata maji huzifikia kwa kupitia damu, kwa hiyo yanywe tangu asubuhi, hasa kiangazi, vumbi linapokuwa jingi.

Nifanye nini ili nisiumie?

Mwombe mpiga kinanda ashushe wimbo kwa nusu toni (hatua ndogo kati ya noti na noti) 2 au 3. Hakuna aibu katika hilo: wimbo ule ulipangwa kulingana na koo la mtu mwingine, ambaye studio ilimruhusu kurudia mstari mmoja mara nyingi, ilhali wewe unaimba saa kadhaa mfululizo. Pasha sauti joto kwa kuvumisha taratibu, midomo ikiwa imefungwa. Ikipwelea, nyamaza, usinong'one kwa nguvu, kwani huko nako ni kuichosha.

Niende hospitali lini?

Sauti ikikaa imepwelea zaidi ya wiki 3, au mara moja ukikohoa damu, ukishindwa kupumua au kumeza vizuri, au ukiona uvimbe shingoni. Unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ukaeleza wazi kwamba unaimba, ili daktari aamue kama unahitaji mtaalamu wa masikio, pua na koo. Akikuta vinundu kwenye nyuzi, usiogope kisu kabla ya wakati, kwa kuwa mara nyingi hupungua kwa kupumzisha sauti na kufundishwa upya namna ya kuitumia.