ERCP ni ya kuzibua, si ya kuchungulia

Barua ya rufaa imekuja tena na sentensi ile ile: "Tafadhali mfanyie ERCP tujue chanzo cha manjano." ERCP ni kushusha kamera kupitia mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija wa nyongo, ili kuufikia mrija huo. Familia imesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Arua hadi Kampala, karibu kilomita 500, na pesa ni za mchango wa ukoo. Dada wa mgonjwa ananiambia, "Dokta, sisi tunataka ile kamera inayoona kila kitu." Nimelijibu hili mara nyingi mno mlangoni pa kliniki, leo naliandika.

Kamera hiyo haioni kila kitu. Hata ndani ya mrija wa nyongo haiingii. Inashuka hadi duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na jicho lake liko ubavuni, tofauti na ile ya kupima vidonda vya tumbo inayotazama mbele. Kwenye ukuta wa utumbo natafuta chuchu ndogo, ukubwa wa punje ya mbaazi, ambamo nyongo hutokea. Napitisha hapo waya ambao unene wake haufiki milimita 1, kisha naingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Mrija wenyewe nausoma kwenye skrini ya eksirei, kama kivuli.

Tatizo ni kwamba kwa watu wengi mrija wa nyongo na ule wa kongosho huishia kwenye tundu moja. Mimi nautaka wa nyongo, waya unakwenda kwenye kongosho. Nautoa, nabadilisha pembe kidogo, najaribu tena, unarudi kule kule. Kila mguso huo una gharama, na dawa ikiingia humo gharama inaongezeka, kwa sababu kongosho halipendi kuchokozwa. Takriban wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100 huvimba kongosho baada ya ERCP. Wengi hulazwa siku chache na dripu na dawa za maumivu, wakapona. Wachache huumwa vibaya sana, na wapo wanaokufa. Tunaweka diklofenaki, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, tunatanguliza waya kabla ya ile dawa ya eksirei, na waya ukizidi kuingia kwenye kongosho tunaacha humo stenti ndogo, yaani kijibomba cha kuuacha mrija wazi. Hatari inapungua, haiishi.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Anayeumia zaidi ni yule aliyekuwa na sababu ndogo zaidi ya kuja: mwanamke kijana, anaumwa juu ya tumbo, bilirubini yake (rangi ya manjano inayopimwa kwenye damu) ni ya kawaida, mrija haujapanuka. Ameambiwa "kaangaliwe tu." Mzee mwenye jiwe kubwa na mrija uliopanuka, ambaye kila mtu anamwogopea, mara nyingi kongosho lake linavumilia kuliko la binti huyo. Dada yangu, kama hakuna cha kutoa wala cha kuzibua, siingii.

Imani hii kwamba ERCP ni ya kuchungulia ina asili yake. Daktari wa upasuaji McCune alipoiripoti kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1968, ilikuwa kweli ni kipimo, maana hapakuwa na njia nyepesi ya kuuona mrija. Mwaka 1974 Wajerumani na Wajapani wakaripoti kukata mlango wa ile chuchu na kutoa mawe. Siku hizi kuna ultrasaundi, kuna MRCP, picha ya mirija inayopigwa kwa mashine ya MRI, isiyogusa kongosho kabisa, na kuna ultrasaundi ya ndani inayoshushwa kwa kamera. Kazi ya kuchunguza ni yao.

Kwa hiyo anza na damu. Bilirubini iliyopanda ni ipi? Mtoto wa sikoseli, na Uganda tunao wengi, anaweza kuwa na macho ya manjano mwaka mzima kwa sababu chembe za damu zinavunjika, na mirija yake iko wazi. Huyo huyo baadaye anaweza kutengeneza mawe meusi ya nyongo. Akianza maumivu ya upande wa kulia, choo kikawa cheupe na bilirubini ya moja kwa moja, ile ambayo ini limeshaichakata, ikapanda, habari imebadilika. Hepatitisi B kwa kawaida haina cha kuzibua. Ultrasaundi inapima upana wa mrija vizuri, ila gesi ya utumbo huficha sehemu ya chini, na mawe hupenda kukaa huko.

Vitabu vinapanga haya kwa ngazi safi. Mimi nina mgonjwa mwenye mrija wa milimita 12, bilirubini iko juu, jiwe halionekani, na pesa ya MRCP hana. Mara nyingine naingia hivyo hivyo. Nikikuta mrija mtupu, sijui kama jiwe lilishapita lenyewe au halikuwepo kamwe, na hatari ameshaibeba. Hata brashi ya kuchukua chembe ninayosugua mahali palipobana ikileta jibu kwamba hakuna saratani, siliamini moja kwa moja. Karibu nusu ya saratani za mrija huponyoka hapo.

Manjano, homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia vikija pamoja, sisubiri picha ya pili. Hapo ni maji, antibiotiki, na kuzibua haraka. Waya ukipita, usaha mzito unamwagika mbele ya kamera. Mawe yote sihangaiki nayo siku hiyo. Naweka stenti ya plastiki, nyongo ishuke, mgonjwa apumue.

Stenti hiyo huziba, mara nyingi ndani ya miezi 3 hivi. Mgonjwa anajisikia mzima, nauli ni kubwa, tarehe ya kurudi inapita, na analetwa na homa ile ile ikiwa imezidi. Ndiyo maana kabla hajaondoka wodini nachukua namba ya simu ya anayemuuguza, na tarehe ikikaribia napiga mwenyewe.