Ukay, mto Kibagare na hizo mita 30

Juzi tena, mimi savea (mpima ardhi), nimeletewa hati ya ploti iliyo kando ya mto, na mnunuzi ana swali moja tu: "Savea, ukuta utakuwa mita 31 kutoka majini, si niko salama?" Nikimuuliza hizo mita 30 za kuachwa kando ya mto kazitoa wapi, ananijibu kwamba jumba la maduka la Ukay lilibomolewa kwa sababu halikuziacha. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake.

Ukay Centre ilikuwa Westlands, Nairobi, bondeni, kando ya mto Kibagare. Supamaketi ya Nakumatt iliyokuwa ndani ndiyo iliyolifanya jumba lijulikane mitaani. Mvua kubwa zikinyesha, maji yaliingia hadi kwenye maegesho. Agosti 2018 matingatinga yakaliangusha, siku chache baada ya South End Mall kule Lang'ata. Hati na vibali havikuwa ngao: Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaiweka mito katika ardhi ya umma, na kifungu cha 40 hakilindi mali itakayothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Hilo halina ugumu.

Ugumu uko kwenye kipimo. Kanuni za ubora wa maji za 2006, chini ya sheria ya mazingira, zinataka uache nafasi sawa na upana wa mto, isipungue mita 6, isizidi 30, kila upande. Mto wa mita 4 unaachiwa 6. Wa mita 12 unaachiwa 12. Mita 30 ni kikomo cha juu, na vijito vyetu vingi vya Nairobi havifiki huko. Anayekwambia kila mto una mita 30 hajazisoma kanuni.

Lakini usishangilie bado, kwa maana swali kubwa ni unaanza kupima wapi. Kanuni hizo za 2006 zinahesabu kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilihesabu kutoka ukingoni. Katika bonde pana, kati ya ukingo na alama ya mafuriko panaweza kutoshea jumba zima la maduka! Mwenye ploti anasimama majini mwezi wa Agosti, mto ukiwa mwembamba kama mfereji wa jikoni, anavuta futi kamba, anafurahi.

Na alama yenyewe haitulii. Jumba la maduka la Sarit lilipofunguliwa mwaka 1983, Westlands ilikuwa na bustani na nyua za udongo nyingi kuliko leo. Kila paa jipya, kila uwanja uliomwagwa zege huko juu, unaharakisha maji kufika bondeni, na mafuriko yanapanda zaidi ya mstari wa zamani. Jengo linaweza kuwa lilianzishwa nje ya mstari, kisha mstari ukalifuata. Hapa sina jibu safi, na sidhani savea yeyote analo: tuhesabu mafuriko ya mwaka gani? Hati ilipotolewa, au leo? Bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, hazisogei, maji yanasogea. Nikiweka sahihi yangu kwenye ramani ya ploti ya mtoni, najua naapia kitu ambacho mvua za mwaka ujao zinaweza kukikanusha.

Hili si gumzo la mabepari wa Westlands pekee. Baada ya mafuriko ya 2024, waliovunjiwa nyumba Mathare walitajiwa mita 30 hizohizo, na wengi wao hawakuwa na hati wala wakili wa kuuliza zimepimwa kutoka wapi. Linaniuma, kwa sababu kazi ya kipimo ni kumlinda pia asiye na hati.

Kwa hiyo, kabla hujalipa broka hata senti, nenda kwenye ploti Aprili, mvua ikinyesha. Waulize majirani wa zamani maji yalifika wapi, wakuonyeshe kwa kidole. Kisha uombe Mamlaka ya Rasilimali za Maji ije kupigilia vigingi vyake, na mimi nipime kutoka hapo.