"Ciao" si kwaheri tu
Wengi wetu hulijua neno la Kiitaliano "ciao", litamkwalo "chao", kama kwaheri, ilhali Waitaliano hulitumia pia wanapokutana. Asili yake ni lahaja ya Venice, "s-ciao vostro", yaani "mimi ni mtumwa wako", kutoka Kilatini "sclavus", lililotokana na jina la Waslavi, watu wa Ulaya Mashariki, ambao wengi wao waliuzwa utumwani. Unyenyekevu huo unafanana na wa "shikamoo", inayoelezwa kuwa ni "nashika miguu yako", ila njia zao zimeachana kabisa: shikamoo imebaki ya wakubwa, na "ciao" imekuwa ya marafiki na jamaa, hata anayemwamkia mzee asiyemjua kwa neno hilo, badala ya "buongiorno" ("siku njema"), huonekana amekosa adabu.