Damu ya Mjomba

Mwezi wa kumi korosho zikianza kuanguka, mabibo hujaa mashambani, uraka, pombe ya mabibo, huuzwa kila kona, na kliniki yangu ya afya ya akili hapa Mtwara hupata wageni wengi. Msimu mmoja alikuja mama kutoka Newala na mwanawe wa miaka 26. Alikuwa amemshika kifundo cha mkono kama anayemvusha mtoto barabara. Mkono wa kijana ulitetemeka hadi bangili za mama zikawa zinagongana.

"Dokta, hii si damu ya mjomba wake? Kaka yangu naye pombe ilimmaliza hivihivi."

Kijana ana mdogo wake. Wanakunywa kilabu kimoja, lakini mdogo alfajiri yuko shambani, na huyu alfajiri anatafuta cha kuzimua.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya uraibu wa pombe inatokana na urithi. Jeni, yaani vinasaba, zinazojulikana zaidi ni zile za kuvunjavunja kileo mwilini, kama ADH1B. Lakini ziko pia jeni za kinga ya mwili, na hizo ndizo zinazonivuta.

Kumbuka siku uliyougua malaria. Chakula hakina ladha, hutaki kuongea na mtu, moyo mzito. Hali hiyo huletwa kwa sehemu kubwa na saitokaini, kemikali ambazo askari wa kinga hutumiana kama mbiu ya hatari, na mbiu hiyo hufika hadi kwenye ubongo. Ubongo nao una askari wake wakaazi, seli ziitwazo maikroglia. Pombe nyingi hulegeza ukuta wa utumbo, vipande vya bakteria vikapenya kwenye damu, ini likapiga mbiu, na maikroglia wakaamka. Ubongo wa waliokufa wakiwa waraibu wa pombe umekutwa na dalili za uamsho huo.

Jeni zinaingia hapo: ndizo zinazochangia kuamua mbiu ipigwe kwa nguvu gani na inyamaze lini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwachoma panya sindano moja ya sumu ya bakteria, na panya hao wakaongeza unywaji wa pombe kwa muda mrefu. Panya waliotolewa jeni fulani za kinga, kama Il6 na Cd14, walikunywa kidogo kuliko wenzao.

Nami najizuia nisikimbilie hitimisho. Jeni iliyotumainiwa sana, TLR4, ilipopimwa na maabara kadhaa kwa pamoja mwaka 2017, iligusa unywaji wa panya kwa kiasi kidogo mno. Kwa binadamu, kila jeni ya kinga ina mchango mdogo. Hakuna kipimo cha damu ambacho ningeweza kumfanyia kijana yule nikasema, "Wewe utakuwa mraibu."

Kwa hiyo nilimjibu mama kwamba kweli, kijana na mjomba wake wana jeni wanazochangia, zimepitia kwake yeye. Ila nusu ya jeni za kijana zimetoka kwa baba. Ukoo tunahesabu kwa mama, lakini jeni za kinga nilizozitaja hazihesabu hivyo. Aliguna, nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Miaka yote lawama ilikuwa upande wake.

Alikuwa amepanga kumfungia ndani wiki nzima bila tone. Nikamkatalia kabisa. Aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Tukamlaza, tukampa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi ya kushuka siku hadi siku, pamoja na vitamini B1.

Siku ya nne mkono ulitulia. Mdogo wake alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda, kisha akanifuata mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi, dokta?" Nikamvutia kiti.